Jinsi ya Kuufanya Mpini wa Jembe, Nyundo au Panga Ushikike Vizuri Bila Kuumiza Mikono

Kila msimu wa kulima unapokaribia, maswali huwa ni yale yale: kwa nini mpini mpya unatoa malengelenge kabla jua halijapanda, ni mpira gani ufungwe ili kiganja kisiumie, na kwa nini jembe la jirani ni zuri mkononi ilhali lilinunuliwa duka moja na lako. Mwongozo huu umeandikwa kuyajibu maswali hayo mahali pamoja, kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kutengeneza mpini na ambaye hana karakana. Unahusu jembe, nyundo na panga, zana ambazo nyumba nyingi zinazo, lakini ukishazielewa hatua zake utaweza kuzitumia kwa shoka, sururu, reki na beleshi bila kubadilisha mengi.

Kabla ya yote, lipo jambo moja ambalo ningependa ulishike, kwa sababu ndilo linalotofautisha mpini unaodumu na mpini wa kubahatisha. Watu wengi, mpini ukiwaumiza, hukimbilia kuongeza kitu juu yake: kitambaa, utepe wa nyaya za umeme, kipande cha tyubu ya baiskeli. Ushauri wangu ni kwamba uanze kwa kupunguza. Mpini huumiza mara nyingi kwa sababu kuna kitu kilichozidi, kama vile unene, kona, tabaka la vanishi, kichwa cha ribiti (pini ya chuma inayoshikilia vipande vya mpini) kilichojitokeza au kifundo cha tawi ambacho hakikukwanguliwa. Ukifunga mpira juu ya kasoro hiyo, kasoro inabaki pale pale chini yake, na mpini unakuwa mnene zaidi ya ulivyokuwa. Kufunga kuna mahali pake, nami nitapataja, lakini huja mwisho.

Vitu vya kuandaa

Huhitaji vyote kwa pamoja, na vingi kati ya hivi vinaweza kuazimwa kwa fundi seremala.

- Tupa ya mbao yenye meno makubwa, na tupa ya chuma yenye meno madogo ikiwa zana yako ina ribiti.
- Msasa wa namba 80, 120 na 180. Karatasi moja ya kila namba inatosha mipini miwili au mitatu.
- Kisu kikali, au kipande cha kioo kinene chenye ukingo ulionyooka, kwa ajili ya kukwangua.
- Uzi, rula na penseli.
- Unga wa mkaa au masizi ya sufuria.
- Kitambaa cha pamba na maji kidogo.
- Mafuta ya kitani, ambayo maduka ya vifaa vya ujenzi huyauza kwa jina la linsidi. Ukiweza kupata nta ya nyuki, ongeza.
- Jiliwa, yaani kibano cha benchi, au kamba imara ya kufungia zana kwenye benchi ili isicheze.
- Barakoa, miwani ya kinga, na glavu nene kwa yule atakayetumia kioo.

Barakoa si pambo. Vumbi la mbao ngumu huwasha koo na ngozi, na mvule hasa una sifa hiyo, kwa hiyo fanya kazi nje au mahali penye upepo, na usikung'utie vumbi karibu na watoto au chakula.

Je, mpini wako unastahili kazi hii?

Usipoteze nusu siku kulainisha mpini ambao utavunjika wiki ijayo. Ushike kwenye mwanga na ufuate nyuzi za mti kwa macho, kutoka kwenye kitako hadi kwenye shingo, pale mpini unapoingia kwenye chuma. Nyuzi zinapaswa kwenda sambamba na mpini kwa urefu wake wote au karibu wote. Ukiona zinakatiza mpini kwa mshazari na kutokea ubavuni, hasa karibu na shingo, mpini huo siku moja utapasuka kwa kufuata mshazari huo, na kipande chenye ncha kali ndicho kitakachobaki mkononi mwako. Ufa unaopita katikati ya shingo, mashimo ya bungua na mbao iliyolainika kwa kuoza ni sababu za kutosha za kuuacha.

Ukilazimika kutafuta mpini mpya, chagua mti mgumu ambao pia unanepa kidogo. Mpera, mkwaju, mkole na mtalawanda hutumika sana kwa mipini katika Afrika Mashariki, na pwani watu hutumia pia mvinje. Msonobari unafaa kwa reki au fagio, lakini usiuweke kwenye zana ya kupiga. Jiti bichi likaushwe kivulini kwa wiki kadhaa, huku ncha zake mbili zimepakwa nta au rangi ili zisipasuke kwa kukauka haraka kuliko sehemu ya kati. Njia rahisi ya kujua kama limekauka ni kulipima kwenye mizani ya duka kila wiki: uzito ukiacha kushuka, jiti liko tayari. Mpini uliochongwa ungali mbichi husinyaa ukiwa ndani ya tundu, na hapo ndipo jembe huanza kucheza.

Hatua ya 1: Kaza kichwa kwanza

Usianze kulainisha mpini ambao kichwa chake kinacheza, kwa sababu mikono hukamata kwa nguvu zaidi pale inapohofia chuma kuchomoka, na nguvu hiyo ya ziada peke yake hutosha kuleta malengelenge. Kwa nyundo, simamisha mpini kitako kikiwa chini, kisha ugonge kitako hicho juu ya gogo gumu mara kadhaa. Uzito wa kichwa utakisukuma kiingie zaidi kwenye mpini. Kisha ongeza kabari ya mbao ngumu au ya chuma kwenye mwanya uliopo juu. Jembe lenye tundu la duara ni kinyume chake: mpini wake hupitishwa kutokea juu, na ncha nene ndiyo inayozuia chuma. Geuza mpini ncha nene iwe chini, kisha uigonge ncha hiyo kwenye jiwe au gogo, na chuma kitashuka kuelekea kwenye unene na kujikaza. Simama pembeni ya makali unapofanya hivyo, na mtu mwingine asiwe karibu.

Hapa kuna kosa ambalo limezoeleka mno, nalo ni kuloweka jembe au nyundo kwenye ndoo ya maji usiku kucha ili mti uvimbe. Ni kweli kwamba asubuhi kichwa hakitacheza. Lakini mti unapovimba ndani ya chuma ambacho hakitanuki, nyuzi zake hujibana na kupondeka, na zikikauka huwa nyembamba kuliko zilivyokuwa kabla ya kuloweshwa. Ndiyo maana jembe linaloloweshwa leo huhitaji kuloweshwa tena baada ya siku chache, na kila mara hulegea mapema zaidi.

Hatua ya 2: Tafuta mahali panapoumiza

Hatua hii ndiyo ambayo wengi huiruka, na ndiyo inayookoa muda kuliko nyingine zote. Paka unga wa mkaa au masizi kwenye viganja na vidole, kisha ushike zana kama unavyoishika kazini na ufanye kazi halisi kwa dakika mbili au tatu. Usijifanye tu kulima. Lima kweli, kwa sababu mkono wa mtu anayejaribu haushiki kama mkono wa mtu anayefanya kazi.

Kisha tazama alama. Mahali ambapo mpini umekaa vizuri, weusi utakuwa mpana na wenye rangi inayolingana. Mahali panapoumiza utaona mstari mwembamba mweusi sana, au doa dogo, kwa sababu mgandamizo wote wa mkono umeangukia pale. Zungushia sehemu hizo kwa penseli. Tazama pia viganja vyako: sehemu ambapo masizi yamefutika kabisa ndipo ngozi inaposuguliwa, na ndipo lengelenge litakapotokea.

Kwenye jembe zingatia jambo moja zaidi. Kwa watu wengi, mkono mmoja hushika karibu na kitako bila kuhama, na mwingine husogea juu na chini kila jembe linapoinuliwa na kushushwa. Tia alama ya penseli mahali ambapo mkono usiohama huishia na mahali ambapo mkono unaoteleza huanza. Sehemu hizi mbili hazitahudumiwa kwa namna moja, na kuzichanganya ndiko kunakoharibu mipini mingi iliyokusudiwa kutengenezwa.

Hatua ya 3: Pima unene

Mwongozo wa kuchagua zana za mkono uliotolewa mwaka 2004 na NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia usalama na afya kazini, unapendekeza mpini wa kazi za nguvu uwe na kipenyo cha takriban milimita 32 hadi 50. Kwa kuwa si rahisi kupima kipenyo bila kifaa maalumu, zungusha uzi kwenye mpini mara moja na uupime kwa rula: milimita 32 za kipenyo ni sawa na uzi wa sentimita 10, na milimita 50 ni sawa na uzi wa karibu sentimita 16.

Hata hivyo mkono wako ndio kipimo cha mwisho. Shika mpini kwa kukaza kiasi, kisha tazama ncha za vidole vya kati na vya pete. Zikijichimbia kwenye nyama ya chini ya kidole gumba, mpini ni mwembamba mno. Zikiwa mbali na kiganja kiasi kwamba unahisi umeshika kigogo, mpini ni mnene mno, na utalazimika kuubana kwa nguvu ili usizunguke. Kwa mikono ya wastani, uzi wa sentimita 11 hadi 12 na nusu kwenye mpini wa jembe hufaa vizuri. Mipini mingi ya dukani huchongwa minene bila kujali nani ataitumia, na wanaoumia zaidi ni wanawake na vijana wenye viganja vidogo, ambao ndio wanaolima saa nyingi katika nyumba nyingi. Ikiwa jembe linatumiwa na watu wawili wenye mikono tofauti, fuata mkono ulio mdogo. Mwenye mkono mkubwa ataumudu mpini mwembamba kwa urahisi kuliko mwenye mkono mdogo atakavyoumudu mpini mnene.

Hatua ya 4: Ondoa vanishi

Mipini ya kiwandani hupakwa vanishi inayong'aa ili ivutie rafuni. Vanishi hiyo ngumu haifyonzi jasho hata kidogo, kwa hiyo jasho hubaki kati yake na ngozi, ngozi hulowa na kulainika, na hapo huanza kuvutwa na kuchubuka. Ikwangue yote mahali ambapo mikono hushika. Shika kisu au kioo kikiwa kimesimama karibu wima dhidi ya mpini, na ukivute kuelekea upande mmoja kwa kufuata nyuzi, bila kukandamiza. Kikwanguo kinachofanya kazi vizuri hutoa nyuzinyuzi nyembamba. Kikitoa unga tu, makali yamekwisha. Vaa glavu ukitumia kioo, vuta huku mkono wa pili ukiwa nyuma ya makali, na vipande vilivyovunjika vizikwe au vifungwe kwenye gazeti nene kabla ya kutupwa.

Usianze kuondoa vanishi kwa msasa. Joto la kusugua huilainisha, nayo huziba msasa wote kabla hujamaliza robo ya mpini.

Hatua ya 5: Chonga umbo

Funga zana kwenye jiliwa, ukiweka vipande vya mbao laini pande zote mbili ili mpini usipondwe. Anza na sehemu ulizozungushia penseli. Sukuma tupa kwa mshazari kidogo huku ikizunguka na mpini, pigo refu moja baada ya jingine, na kila baada ya mapigo machache geuza mpini ili usiuchimbe upande mmoja. Simama, shika, tikisa zana hewani, kisha endelea. Mbao iliyoondolewa hairudi, kwa hiyo ni bora kusimama mara nyingi.

Mpini wa nyundo na wa shoka usiwe duara kamili. Uwe na umbo la yai, upana wake ukielekea upande ambao chuma hupigia, kwa sababu hapo kiganja hujua bila kutazama makali yameelekea wapi, na mpini hauzunguki mkononi pale pigo linapokosea kidogo. Mpini wa jembe unaweza kuwa duara kwenye sehemu ya mkono unaoteleza, lakini sehemu ya mkono usiohama ningeipa umbo la yai pia. Kwenye kitako acha unene kidogo uliopanuka, ili kidole cha mwisho kihisi kizuizi na mkono usichomoke ukilowa jasho. Usikate vijia vya kukalia vidole, hata kama vinapendeza machoni: vitaufaa mkono mmoja tu katika namna moja tu ya kushika, na mtu anayefanya kazi kutwa nzima hubadilisha mkao wake mara nyingi ili kupumzisha misuli.

Usipunguze shingo ya mpini kwa ajili ya starehe. Hakuna kiganja kinachokaa pale kwa muda mrefu, na ndipo pigo lote linapopita.

Kona ya kitako ndiyo ya mwisho. Ikiwa imekatwa kwa msumeno na kuachwa hivyo, izungushie tupa mpaka iwe kama tao laini, kwa kuwa ukingo huo mkali huchoma chini ya kiganja kila unapovuta jembe kuelekea kwako.

Hatua ya 6: Msasa, maji, kisha msasa tena

Kata ukanda wa msasa namba 80 wenye upana wa vidole viwili, uzungushe nyuma ya mpini na uuvute mikono miwili kwa zamu kama mpiga viatu rangi anavyovuta kitambaa chake. Njia hii huondoa alama za tupa na kuufanya mviringo uwe sawa. Kisha badilisha uelekeo: sugua kwa urefu, ukifuata nyuzi, kwanza kwa namba 80, halafu 120.

Sasa futa mpini wote kwa kitambaa kilicholowa maji kidogo na uuache ukauke kabisa. Ukipitisha mkono utashangaa kuona umekuwa na manyoya madogo makali. Nyuzi zilizokatwa nusu husimama zinapolowa, na jasho lako lingefanya vivyo hivyo siku ya kwanza ya kazi. Zisugue kwa namba 180 mpaka ziishe, lowesha tena, na sugua tena kwa wepesi. Mara mbili hutosha kwa miti mingi.

Ishia namba 180. Watu wengi hudhani mpini unaoteleza kama kioo ndio mpini bora, kumbe mkono wenye jasho unahitaji mahali pa kujishikilia, na mpini uliong'arishwa kupita kiasi hulazimisha vidole kubana zaidi.

Hatua ya 7: Mafuta

Mimina mafuta ya kitani kidogo kwenye kitambaa na uyapake mpini wote, ukianza na kitako, kwa sababu nyuzi zilizokatwa huko hunywa kuliko mahali pengine. Subiri kama dakika 20, kisha ufute kwa kitambaa kikavu mafuta yote ambayo hayajafyonzwa. Usiache tabaka juu. Tabaka hilo hubadilika kuwa utando wa kunata. Acha zana mahali penye hewa kwa siku moja au mbili, halafu rudia mara mbili au tatu zaidi. Mafuta mabichi ya kitani hukauka polepole mno, kwa hiyo ukiwa dukani ulizia yale yaliyochemshwa.

Ukiwa na nta ya nyuki, yeyusha sehemu moja ya nta kwa sehemu tatu au nne za mafuta hayo ndani ya kopo lililowekwa kwenye sufuria ya maji ya moto, wala usiweke kopo moja kwa moja juu ya jiko. Mchanganyiko ukipoa huwa kama siagi. Ukipakwa mara ya mwisho na kusuguliwa kwa kitambaa, mpini hushikika bila kuteleza na bila kunata, na ndio umaliziaji ninaoupenda kuliko mingine yote.

Onyo kuhusu vitambaa. Kitambaa kilicholowa mafuta ya kitani huzalisha joto kadiri mafuta yanavyokauka, na kikikunjwa na kutupwa pembeni kinaweza kuwaka chenyewe bila moto wowote kukigusa. Kitandaze nje mpaka kikauke kikiwa kimenyooka, au kiloweke kwenye maji kabla ya kukitupa.

Usitumie oili chafu ya injini, ingawa wapo wanaoipaka ili kuzuia mchwa. Ina kemikali zinazodhuru ngozi, na zikigusana na ngozi mara kwa mara kwa miaka mingi huweza kusababisha saratani. Mafuta ya nazi na ya karanga hayakauki, kwa hiyo huuacha mpini na ulaini wa kuteleza na baada ya muda hutoa harufu. Yakikosekana ya kitani, ni afadhali kutumia nta peke yake, iliyosuguliwa mpaka ipate joto na kuingia.

Hatua ya 8: Amua kama utafunga kitu, na wapi

Fanya kazi na mpini huo kwa siku kadhaa kabla ya kuamua. Ukiona bado mkono usiohama unateleza, au mpini ni mwembamba kuliko kipimo chako, basi kufunga kutakusaidia. Kanuni ni hii: funga pale tu ambapo mkono haupaswi kuteleza. Kwenye jembe, shoka na sururu, sehemu ya mkono unaosogea lazima ibaki mti mtupu uliopakwa mafuta. Ukiifunga mpira, mpira utaishika ngozi kila mkono unaposogea, na utapata malengelenge makubwa kuliko yale uliyokuwa unayakimbia.

Kitu rahisi na kizuri ni tyubu kuukuu ya baiskeli. Ikate iwe ukanda wa upana wa sentimita 2 hadi 3, uoshe kwa sabuni ili unga wa ndani utoke, kisha anzia kwenye kitako na kupanda. Vuta mpaka ukanda urefuke kidogo, na kila mzunguko ufunike nusu ya ule uliotangulia. Mizunguko mitatu ya mwisho ifunge kwa kulegeza, pitisha ncha chini yake, kisha uikaze na kukata kilichozidi. Usitumie msumari kufungia ncha. Utajitokeza siku moja, na utapasua mti kabla ya hapo. Kamba nyembamba ya pamba iliyofungwa kwa kubanana inafaa pia kwa nyundo, lakini katani hukwaruza na kitambaa hutunza jasho na kuota kuvu. Utepe wa nyaya za umeme usiuguse kabisa kwa kazi hii, kwani gundi yake huyeyuka kwa joto la mkono na kukuachia uchafu mweusi kiganjani.

Jambo la usalama lisilo na mjadala: tyubu au utepe uliofungwa kwenye koleo au bisibisi haukukingi na umeme wa nyumbani. Zana za mafundi umeme hutengenezwa na kupimwa kwa kazi hiyo na huwa na alama ya volti 1000. Uliyoifunga mwenyewe itumie kwa kazi nyingine.

Panga ni suala la pekee kidogo

Mpini wa panga kwa kawaida ni vipande viwili vya mbao au plastiki vilivyobana chuma katikati na kushikiliwa kwa ribiti. Unaumiza mahali patatu: kwenye vichwa vya ribiti, kwenye ukingo wa chuma unaochungulia kati ya vipande viwili, na kwenye kona za mbele karibu na bapa. Kabla ya lolote, funga makali kwa kitambaa kinene na kamba. Kisha piga tupa ya chuma juu ya ribiti mpaka ziwe sawa na mbao, lakini zisizame, maana ukiondoa kichwa chote ribiti haitashika tena. Ukingo wa chuma upige tupa mpaka mapito ya kidole yasihisi tofauti kati ya chuma na mbao. Mpini wa plastiki huwa na mshono mwembamba uliobaki kutoka kiwandani. Ukwangue kwa kisu kilichosimama wima, halafu upitishe msasa namba 120. Kazi yote haizidi saa moja, na tofauti yake utaiona siku ya kwanza ya kufyeka.

Ikiwa vipande vya mpini vinacheza, weka panga juu ya chuma kizito na ugonge ribiti kwa nyundo ndogo kuzunguka ukingo wake, pole pole, mpaka zibane. Zikiwa zimeliwa na kutu, zitoe na uweke mpya. Kufunga mpira juu ya ribiti zilizolegea ni hatari, kwa sababu bapa linaweza kuchomoka ukiwa umelirusha.

Matatizo yanayojitokeza baadaye

*Mpini unanata.* Mafuta yalipakwa mazito au hayakufutwa. Ufute kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, uache siku mbili kwenye hewa, na ukibaki na utando ukwangue na kupaka upya kwa wembamba.

*Malengelenge yanatokea mahali pale pale hata baada ya kazi yote.* Rudia jaribio la masizi. Mara nyingi utakuta kuna upande bapa uliobaki, ambao kona zake mbili haziko machoni lakini ziko kiganjani.

*Mpini unazunguka mkononi.* Umeufanya duara kamili. Punguza kidogo mbavu zake mbili ili upate umbo la yai.

*Vibanzi vimeanza kutoka.* Zana imelala juani au mvuani na mti umekauka. Sugua kwa namba 120 na 180, kisha upake mafuta mara mbili. Zana ikihifadhiwa chini ya paa, upakaji mmoja au miwili kwa mwaka hutosha.

*Kichwa kimelegea tena wakati wa kiangazi.* Mti umepoteza unyevu. Kaza kama ilivyoelezwa kwenye hatua ya kwanza, na ukitaka kuloweka, loweka sehemu ya shingo na kabari kwenye mafuta ya kitani usiku mmoja badala ya maji, kwa kuwa mafuta hayo hukaukia ndani ya nyuzi.

*Vidole vinakufa ganzi.* Pima tena unene, na angalia kama unabana mpini hata jembe linapokuwa linashuka lenyewe kwa uzito wake, wakati ambapo vidole vingeweza kulegea. Ganzi inayoendelea usiku au inayokuamsha usingizini haitaondolewa na mpini mpya, na mwenye nayo aende kituo cha afya mapema.